Alisamehewa Kosa Gani?

Sebuleni kwa baba mkubwa, nyumbani Nyambureti, kuna picha mbili ukutani. Moja ni ya marehemu bibi, nyingine ni ya Mwalimu Nyerere. Kalenda huja na kuondoka kila Januari, lakini picha hizo mbili hazishuki. Sisi watu wa Mara tuna namna yetu ya kumzungumzia Mwalimu. Kwingine nchini ni Baba wa Taifa. Kwetu ni mzee wa jirani, mtu wa Butiama, na karibu kila ukoo una kisa chake naye: huyu alimpa mkono, yule alimkuta shambani akipalilia, mwingine alimwamkia barabarani akaitikiwa kwa Kizanaki.

Oktoba 14 iliyopita, siku ya kumbukumbu yake, tulikuwa tumekaa uani baada ya kula. Redio ilikuwa inarudia hotuba zake. Nikamuuliza baba mkubwa kama anamkumbuka Babu.

"Nitamsahauje baba yangu mwenyewe?" akacheka.

"Siyo babu yangu mimi. Babu yule waziri. Abdulrahman Mohamed Babu, wa Zanzibar."

Akakuna kidevu, akaangalia redio kana kwamba itamkumbusha. "Aa, yule. Si ndiye aliyemuua Karume? Mwalimu akamsamehe."

Baba mkubwa si mtu wa kudharau. Alisoma hadi darasa la saba kipindi ambacho wengi kijijini hawakusoma, na tangu ujana wake hajakosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Alichonijibu ndicho nchi ilichomfundisha. Nimewauliza pia wenzangu wa chuo kikuu, wenye simu za bei mbaya na intaneti mfukoni. Wengi hawamjui kabisa, na wachache wanaomjua hunipa jibu lilelile la baba mkubwa kwa maneno marefu zaidi.

Naandika kwa sababu ya neno lile la mwisho: akamsamehe. Kati ya mambo yote waliyofanyiwa wafungwa wa kisiasa wa nchi hii, hilo ndilo linaloonekana jema, na ndilo lililoharibu zaidi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Abdulrahman Mohamed Babu alizaliwa Zanzibar mwaka 1924. Alikuwa karani kwenye chama cha wakulima wa karafuu, na mwaka 1951 akaenda London kusoma. Huko alisoma uhasibu, kisha falsafa na fasihi, na akakutana na Waafrika wengine waliokuwa wakipanga namna ya kuwaondoa wakoloni. Mwaka 1957 alirudi nyumbani kuwa katibu mkuu wa chama cha ZNP. Mwaka 1962 Waingereza walimshtaki kwa uchochezi, wakamfunga zaidi ya mwaka mmoja. Alipotoka, alikiacha chama hicho na mwaka 1963 akaanzisha Umma Party na vijana wenzake wa mrengo wa kushoto.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Zanzibar. Nchi hiyo ilidumu siku mia moja na kitu tu kabla ya Muungano wa Aprili 26, kwa hiyo Babu ni mmoja wa watu wachache duniani waliowahi kuiwakilisha. Baada ya Muungano aliingia serikali ya Dar es Salaam, akashika wizara mbalimbali: biashara, afya, ardhi, na mwishowe uchumi na mipango ya maendeleo. Alikuwa ameijua China tangu miaka ya ukoloni, alipokuwa mwandishi wa shirika lao la habari kisiwani, na uhusiano huo aliutumia kwa faida ya Tanzania katika safari za kutafuta mikopo na biashara Beijing. Urafiki ambao baadaye ulituletea reli ya TAZARA ulikuwa na mkono wake. Desemba 1964 alisimama New York jukwaa moja na Malcolm X, katika ukumbi wa Audubon, akizungumza na Wamarekani weusi kuhusu Afrika. Malcolm aliuawa katika ukumbi huohuo miezi miwili baadaye.

Kama mchumi, Babu alikuwa na hoja moja aliyoirudia maisha yake yote. Alisema nchi inayozalisha isichokitumia na kutumia isichokizalisha itabaki maskini hata ibadilishe bendera mara ngapi. Kutaifisha maduka na mabenki, kwake, hakukutosha. Kilichotakiwa ni kujenga uwezo wa kuzalisha ndani: chakula, nguo, chuma, mashine, kila sekta ikiilisha nyingine. Alikuwa mjamaa wa Kimarx, na aliuona Ujamaa wa Mwalimu kuwa na nia njema lakini wenye msingi dhaifu wa kiuchumi. Hoja hiyo aliiandika kwa urefu katika kitabu kilichotoka mwaka 1981, African Socialism or Socialist Africa?, ambacho alikiandika akiwa gerezani.

Unaweza kukubali au kukataa hoja yake. Mimi nimelelewa kwa pamba, na kila nikikumbuka marobota yanavyoondoka kwetu kwenda kuwa shati nchi ya mbali, na jinsi kiwanda cha nguo cha Musoma kilivyokuwa kikifa na kufufuka, huwa namkubali. Chuma cha Liganga tumekisikia kwenye hotuba tangu tukiwa shule ya msingi. Lakini hata kama Babu alikosea kila mstari, alikuwa na haki ya kukosea mezani, akajibiwa mezani.

Februari 1972 aliondolewa kwenye baraza la mawaziri. Aprili 7 mwaka huo, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano, Sheikh Abeid Amani Karume, alipigwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya chama cha ASP, akiwa anacheza bao. Aliyempiga alikuwa Luteni Humud Mohammed Humud, kijana wa jeshi ambaye baba yake alikuwa amefia kizuizini, na ambaye aliuawa palepale. Watu waliowahi kuwa Umma Party walianza kukamatwa visiwani na bara. Babu alikamatwa Dar es Salaam.

Zanzibar ilifungua kesi mwaka 1973. Washtakiwa walikuwa zaidi ya 80, na kesi iliendeshwa katika mahakama za wananchi zilizokuwepo visiwani wakati huo, ambazo hazikuruhusu mawakili wa utetezi. Babu na wenzake waliokuwa bara hawakupelekwa. Walihukumiwa bila kuwepo, na Mei 1974 Babu akapewa adhabu ya kifo. Huku bara, serikali ya Muungano haikumfikisha mbele ya hakimu hata siku moja. Ilimweka gerezani chini ya Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962. Sheria hiyo ilimruhusu Rais kumfunga mtu ambaye ameridhika kuwa ni hatari kwa amani au usalama wa nchi, na amri yake haikuweza kuhojiwa mahakamani. Babu alikaa miaka sita. Aprili 1978 akaachiwa.

Yaangalie mambo haya mawili kwa pamoja. Mwaka 1962, mkoloni alimshtaki Babu, akamsomea kosa, akamfunga kwa muda unaojulikana. Mwaka 1972, serikali ya watu wake mwenyewe ilimfunga muda mrefu zaidi na haikumwambia mahakamani amefanya nini. Mwalimu naye alikuwa na uzoefu huo. Mwaka 1958 Waingereza walimshtaki kwa kuwakashifu maofisa wao katika jarida la TANU. Alisimama mahakamani Dar es Salaam akiwa na wakili mashuhuri kutoka London, D. N. Pritt, akajitetea, akatozwa faini ya shilingi 3,000, akalipa, akaenda zake kuendelea kudai uhuru. Hakimu, wakili na kosa lililoandikwa: vitu hivyo vitatu alivipata kwa mkoloni. Babu hakuvipata kwa Mwalimu.

Nikifika hapa, wazee wa kwetu hunijibu kwa hoja tatu. Nitazipa heshima yake, maana si hoja za kipuuzi.

Ya kwanza ni kwamba Mwalimu alimwokoa Babu. Mwaka 1969 Abdallah Kassim Hanga, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Zanzibar, na Othman Shariff, aliyewahi kuwa balozi wetu Marekani, walikabidhiwa Zanzibar kutoka bara, wakauawa bila kesi ya wazi. Mwalimu alijua Babu angefuata njia hiyohiyo, kwa hiyo akakataa kumpeleka. Ni kweli, na kumkatalia Zanzibar katika hali ile kulihitaji msimamo. Ila hoja hii inaeleza kwa nini hakupelekwa Zanzibar, haielezi kwa nini alifungwa bara. Ukimficha mtu asiuawe, unamfungulia mlango wa nyuma akimbilie nchi nyingine, au unamlinda nyumbani kwake, au unamfikisha mahakama unayoiamini isikilize ushahidi. Mwenye nyumba aliyekuficha na wanaokuwinda, kisha akakufungia ghalani miaka sita, huwezi kumdai? Na mbona haikusemwa wakati huo kwamba pale gerezani amewekwa kwa usalama wake? Maelezo ya ulinzi tumekuja kuyasikia baadaye, kutoka kwa sisi tunaompenda Mwalimu.

Hoja ya pili ni kwamba nchi ilikuwa changa na maadui walikuwa wengi. Jeshi liliasi mwaka 1964. Wareno walikuwa Msumbiji, makaburu kusini, Idi Amin alichukua Uganda mwaka 1971. Hilo pia ni kweli. Lakini mtazame Edwin Mtei. Alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, kisha waziri wa fedha. Mwaka 1979, nchi ikiwa imetoka tu vitani na hazina imekauka, alitofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Akajiuzulu, akaenda nyumbani. Hakufungwa. Baadaye aliwahi kufanya kazi kwenye shirika lilelile, na mwaka 1992 akawa mwanzilishi wa CHADEMA. Wachumi wawili walimpinga Rais mmoja katika muongo mmoja. Mmoja alilala kwake Arusha, mwingine alilala seli. Tunaweza kutafuta sababu za tofauti hiyo: Babu alikuwa na wafuasi, alikuwa na jina Zanzibar, wakati ulikuwa mbaya. Sababu zote hizo zilikaa kichwani mwa mtu mmoja, na hakuna chombo kingine kilichopewa nafasi ya kuzipima. Tunachokisifu kwa Mtei na tunachokililia kwa Babu kilitoka chemchemi moja, yaani uamuzi wa mkubwa. Mtei alibahatika.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na watetezi wa Babu huikwepa. Babu mwenyewe hakuwa msafi. Alikuwa kiongozi wa serikali ya Mapinduzi wakati watu wa visiwa wanauawa, wananyang'anywa mali na kufukuzwa. Alikuwa ndani ya baraza la mawaziri la Muungano kwa miaka minane ambayo sheria ile ya kuweka watu kizuizini ilikuwa inafanya kazi. Oscar Kambona alipokimbilia London mwaka 1967, na wadogo zake Otini na Mattiya wakawekwa kizuizini, Babu alikuwa waziri. Hanga na Othman Shariff walipokabidhiwa Zanzibar, Babu alikuwa waziri. Shimo alilotumbukia alilikuta likichimbwa, na yeye alikuwa miongoni mwa waliokuwa wamekaa ukingoni.

Sitaki kumfanya malaika. Lakini angalia hoja hii inatupeleka wapi. Ikiwa mtu aliyenyamaza kuhusu dhuluma anastahili kudhulumiwa, basi nchi hii nzima inastahili kizuizi. Wolfango Dourado, mwanasheria mkuu wa Zanzibar aliyeendesha mashtaka ya kesi ile ya mauaji ya Karume, naye aliwekwa kizuizini katikati ya miaka ya 1980, baada ya kusema wazi mawazo yake kuhusu muundo wa Muungano. Sheria ya namna ile haichagui meza. Leo inamla mshtakiwa, kesho inamla mwendesha mashtaka.

Wasiofika Zanzibar watasema haya ni yetu tu, Waafrika na siasa zetu. Hapana. Yupo Mromania mmoja, Lucrețiu Pătrășcanu, ambaye kila nikisoma maisha yake namuona Babu. Alipata udaktari wa uchumi Leipzig, Ujerumani. Alikuwa mkomunisti tangu ujana, akafungwa na serikali za kabla ya vita. Septemba 1944 aliongoza ujumbe wa Romania uliotia saini mkataba wa kusitisha vita huko Moscow. Akawa waziri wa sheria, na chini yake zikaundwa mahakama za wananchi zilizowahukumu wakubwa wa utawala uliopita. Mwaka 1948 wenzake wa chama walimkamata. Walimshikilia miaka sita, wakamfanyia kesi ya siri, na Aprili 1954 wakampiga risasi.

Babu alikuwa na bahati kumzidi, maana alitoka hai. Kuna jambo moja tu ambalo Pătrășcanu alipata na Babu hajapata. Aprili 1968 chama kilekile cha kikomunisti kilitangaza rasmi kwamba mashtaka dhidi ya Pătrășcanu yalikuwa ya kutungwa, na kwamba aliuawa bila kosa. Aliyesimamia tangazo hilo alikuwa Nicolae Ceaușescu. Ceaușescu hakufanya hivyo kwa kupenda haki. Alikuwa anawamaliza wapinzani wake waliohusika na kesi ile, na yeye mwenyewe akaja kuwa dikteta wa kutisha. Hata hivyo maneno yaliandikwa: mtu huyu hakuwa na kosa. Mtoto wa Romania anayefungua kitabu anayakuta. Mimi nimemaliza shule, nimemaliza chuo, nchi yangu ikiwa na mfumo wa vyama vingi tangu 1992, na maneno ya namna hiyo kuhusu Babu sikuwahi kuyakuta darasani. Aliondoka akafundisha Marekani, akahamia London, akafia huko Agosti 5, 1996, akarudishwa kuzikwa Zanzibar. Kwenye midomo ya watu bado ni yule aliyemuua Karume, akasamehewa.

Ndiyo maana nasema neno msamaha ndilo lililoharibu. Ukimsamehe mtu ambaye hujawahi kumshtaki, umemhukumu bila kumsikiliza, na papohapo umejivika sifa ya huruma. Aliyefungwa anatoka na deni la shukrani. Aliyemfunga anatoka na jina jema. Na swali la kosa linazikwa, maana nani atauliza kosa gani wakati mtu amekwisha samehewa? Kumkatalia haki mtu ni dhuluma moja. Kumsamehe baada ya hapo ni dhuluma ya pili, na hii ya pili tunaipigia makofi.

Na tumeendelea kupiga makofi. Masheikh wa Uamsho walitolewa Zanzibar wakaletwa bara, wakashtakiwa kwa ugaidi, kesi ikapigwa kalenda mwaka baada ya mwaka. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliyafuta mashtaka, wakatoka. Tukashangilia, tukashukuru, tukasema serikali ina huruma. Miaka yao mahabusu nani atairudisha? Walikuwa magaidi au hawakuwa? Kama walikuwa, kwa nini wameachiwa? Kama hawakuwa, nani atawajibika? Huruma iliyameza maswali yote matatu. Mchezo ni uleule wa mwaka 1978, na sisi watazamaji hatujajifunza kitu.

Kwetu Mara tunajua utaratibu mwingine, tena wa zamani. Wakurya wana iritongo, mkutano wa hadhara wa wanaume wa eneo. Mtu akituhumiwa kuiba ng'ombe, anaitwa mbele ya watu, tuhuma inatajwa, wanaomtuhumu wanasema, naye anasema. Sitaki kuupamba. Wanawake hawakuwa na sauti pale, na kuna watu walioumizwa vibaya kwa maamuzi ya mikutano hiyo, na siwezi kusema turudi huko. Nasema hivi tu: mzee asiyejua kusoma, aliyekaa kwenye jiwe chini ya mti, alijua kwamba mwizi wa ng'ombe lazima aambiwe ameiba ng'ombe yupi, wa nani. Waziri wa uchumi wa Jamhuri ya Muungano hakupewa hata hicho.

Basi ninadai nini? Kwanza, serikali ya Muungano iseme kwa maandishi kwamba Babu, na kila aliyewekwa kizuizini chini ya sheria ile bila kufikishwa mahakamani, alinyimwa haki. Haihitaji kusema walikuwa wema. Inahitaji kusema walistahili kusikilizwa. Pili, majalada ya kizuizi ya miaka ile yafunguliwe. Wengi wa wahusika wamekwisha kufa, na siri inayolindwa sasa ni aibu tu. Tatu, sheria yenyewe. Tume ya Jaji Nyalali, iliyomaliza kazi mwaka 1992, iliitaja miongoni mwa sheria 40 mbovu zinazohitaji kufutwa au kurekebishwa. Miaka kumi baadaye, toleo la sheria zetu la mwaka 2002 lilichapishwa nayo ikiwemo, Sura ya 361. Nchi inayosema ile ilikuwa enzi ya hatari, na imeshapita, inaiwekea sheria hiyo namba mpya ya nini?

Dai la nne ni kwa sisi wa Mara. Wapemba na Waunguja wakisema haya, huambiwa wana kinyongo cha Mapinduzi. Wapinzani wakisema, huambiwa wanatafuta kura. Sisi ndio tunaoweza kuyasema na asiwepo wa kutuambia tunamchukia Mwalimu. Yule ni mzee wetu. Kijijini, mzee akikosea, anayemwambia ni mtoto wa nyumbani, tena kwa heshima, kabla majirani hawajamsema kwa kejeli. Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani, mara kadhaa, kwamba serikali yake ilifanya makosa, na alituambia tuchukue mazuri, mabaya tuyaache. Tumelishika nusu la agizo. Mazuri tunayaimba kila Oktoba, lakini mabaya hatujayaacha, maana huwezi kukiacha kitu unachokataa kukitaja.

Usiku ule uani, nilimweleza baba mkubwa yote haya, kwa kifupi zaidi. Alisikiliza huku akichokoa meno kwa kijiti. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa ukali wa utani, "Kwa hiyo, mura, unataka nimshushe Mwalimu ukutani?"

"Hapana, baba mkubwa. Mwache palepale."

"Ehe. Sasa unataka nini?"

"Nataka usiseme tena kwamba alimsamehe."

Akazima redio. Ndani, mama mkubwa alikuwa anakusanya vyombo. Nilidhani mazungumzo yameisha, maana alisimama, akachukua kiti chake, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Kisha akageuka.

"Lakini kweli," akasema. "Alimsamehe kosa gani?"

Baba mkubwa ana zaidi ya miaka sabini, na hilo swali amelifikia usiku mmoja, kando ya vyombo vichafu. Dodoma wana ofisi, wana wanasheria, wana majalada. Wamelikalia tangu Aprili 1978. Wamjibu.